Wachongaji wa Changamwe na Ufundi wa Kugeuza Sanamu

Vinyago vya Changamwe, kule Mombasa, vimehukumiwa miaka mingi bila kusikilizwa. Hukumu yenyewe inajulikana. Twiga ni yule yule, Mmasai mwenye mkuki ni yule yule, vyote vimetengenezewa mtalii, basi ni bidhaa tu; na bidhaa tu haina historia inayostahili kuandikwa. Wasomi wa Ulaya na Marekani waliwahi kuvipachika jina la sanaa ya uwanja wa ndege, na kwa Changamwe jina hilo lilikaa bila taabu, maana karakana kubwa ya wachongaji Wakamba iko kando ya barabara ya Port Reitz, njia ile ile inayoelekea uwanja wa ndege wa Moi. Mimi naona waliotoa hukumu hiyo walitazama pasipo. Walitafuta ubunifu katika umbo la kwanza, wakitaka kila sanamu iwe haijawahi kuonekana duniani. Lakini kazi ya Changamwe tangu mwanzo imekuwa kuichukua sanamu ndogo ambayo kila mtu anaijua na kuigeuza: mkao wake, mavazi yake, mti wake, kimo chake, hata matumizi yake, mpaka imfae mnunuzi ambaye mchongaji hajawahi kumtia machoni. Anayefuatilia mageuzi hayo madogo madogo atakutana na historia ya bara la Mombasa yenyewe, pamoja na vita vyake, utalii wake, misitu yake na misukosuko ya siasa zake.

Kuigeuza sanamu yenye umbo linalojulikana ni jambo linaloheshimiwa kwingineko. Mwaka 1932, katika mji mdogo wa Billund nchini Denmark, seremala Ole Kirk Kristiansen alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Kampuni yake, Lego, iliachana na mbao baada ya moto wa 1960 na kubaki na plastiki, na mwaka 1978 ikatoa mtu mdogo wa kimo cha sentimita nne hivi, aliyebuniwa na Jens Nygaard Knudsen. Watu hao wote walikuwa na uso mmoja wa manjano: macho mawili ya nukta na tabasamu. Kwa sababu walifanana mno, wateja walianza kuwageuza. Leo kuna watu wazima, wengi Ulaya na Marekani, ambao wakati wao wa ziada huupitisha wakibadilisha vichwa vya sanamu hizo, wakizipaka rangi kwa brashi ya unywele mmoja, wakizitengenezea kofia, mapanga na mavazi ambayo kiwanda hakikuyafikiria. Kiwanda chenyewe kilianza kutoa nyuso zenye rangi za binadamu mwaka 2003. Kabla ya hapo aliyetaka sanamu inayofanana naye ilimbidi ajifanyie mwenyewe. Hakuna anayewaambia watu hao kwamba si mafundi kwa kuwa sanamu waliyoanza nayo ilikuwa ya kila mtu. Ustadi wao hupimwa kwa kile walichokibadilisha. Mchongaji wa Changamwe anastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho, na zaidi, kwa kuwa yeye huanza na gogo na sanamu ndiyo inayosomesha watoto wake.

Pingamizi la kwanza huletwa na wanaosema kwamba ufundi huu si wa asili, kwamba Wakamba waliuazima. Ni kweli waliuazima, na habari za kuazima huko ndizo zinazonipa nguvu. Mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Huko alijifunza kwa wachongaji wa Kizaramo, na vita vilipokwisha akarudi kwao na ufundi huo mikononi. Wakamba hawakuwa wageni wa mti. Vigoda vyao vya miguu mitatu, vilivyotiwa nakshi ya nyuzi za shaba, vilikuwa fahari ya wazee. Kilichokuwa kigeni kwao ni kuchonga sanamu kwa ajili ya kuuza. Wazaramo kwa upande wao walikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti, kiwiliwili na kichwa chenye kishungi, bila mikono wala miguu, ambayo hukabidhiwa mwali anapowekwa ndani. Mwana hiti ana siri zake na wenyewe wanaozijua. Mutisya hakuzibeba siri hizo kwenda nazo Wamunyu. Alibeba maarifa ya kumtoa mtu ndani ya kipande cha mti kinachoshikika kwa kiganja, akayatumia kwa sura nyingine kabisa. Sanamu zilizotoka Wamunyu baadaye zilikuwa za askari, mashujaa wenye mikuki, wazee na wanyama, na waliozinunua walikuwa walowezi na maofisa, kisha katika Vita Kuu ya Pili wanajeshi waliopitia Kenya kwa wingi. Geuzo la kwanza, basi, lilifanyika kabla ya biashara kufika pwani, na bila geuzo hilo kusingekuwa na biashara. Sioni kwa nini ufundi uliojifunzwa kwa jirani uwe na hadhi ndogo kuliko uliorithiwa kwa babu.

Wala Wakamba hawakufika Mombasa mara ya kwanza na tezo begani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara yao ndiyo iliyotawala biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na pwani. Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, alijulikana na mmisionari Ludwig Krapf aliyekuwa Rabai, na ni katika safari moja na Krapf kwamba Kivoi aliuawa mwaka 1851. Njia ya Ukambani kwenda Mombasa ilikuwa imekanyagwa vizazi kadhaa kabla ya reli kuanza kujengwa mwaka 1896. Lililo jipya katika karne ya 20 ni kwamba walirudi kwa njia ile ile na ndovu wa mti.

Kwa nini walikaa Changamwe na si kisiwani? Mji wa Kale ulikuwa na mafundi wake wa mbao, na kazi yao ingali inaonekana katika milango: minyororo, maua, majani, nakshi zinazorudiana pembeni mwa miimo. Viumbe hawamo. Kwa Waislamu wa mji kuchonga sanamu ya kiumbe na kuiweka nyumbani ni jambo la kuepukwa, na fundi wa milango hakuwa na sababu ya kuingia humo. Zaidi ya hayo kisiwa kilikuwa kimebanana. Kuvuka Makupa kuelekea bara kulikuwa na nafasi ya kurundika magogo, kulikuwa na reli na barabara kuu ya kwenda bara, na kulikuwa na watu wa bara waliokwisha kuhamia kwa ajili ya kazi za bandari, reli na viwanda. Naamini mambo hayo mawili, nafasi na desturi ya mji, yaliifanya sanamu kuwa kazi ya bara la Mombasa. Chama cha ushirika cha wachongaji, Akamba Handicraft, kilisajiliwa mwaka 1963, mwaka wa uhuru, na baada ya muda wanachama wake wakahesabika kwa maelfu. Hapo mchongaji aliyekuwa akihangaika peke yake na mchuuzi alipata banda la kufanyia kazi, duka la pamoja na mahali ambapo mnunuzi wa Ujerumani au Marekani angeweza kuleta oda ya mamia ya vipande. Mchumi Walter Elkan wa Makerere alikuwa ameandika kuhusu biashara ya vinyago Afrika Mashariki mwaka 1958, miaka mitano kabla ya chama hicho. Wachumi waliwaona wachongaji mapema. Wanahistoria wa sanaa walichelewa, na wengi wao walipofika walikuwa tayari na hukumu mkononi.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, maana hapo ndipo madai ya kwamba vinyago vinajitoa vyenyewe huporomoka. Gogo hukatwa vipande kwa msumeno kulingana na kimo kinachotakiwa. Mchongaji huketi chini au kwenye kigoda kifupi, hukibana kipande kwa miguu na kuanza kukishukia kwa tezo. Hachori kwa kalamu. Vipimo viko kichwani. Tezo nzito huondoa kilicho kikubwa hadi ionekane kwamba huyu atakuwa kifaru na yule swala. Tezo nyepesi hufuata shingo, mgongo na mapengo kati ya miguu, na hapo ndipo kazi huharibika, kwa kuwa nyuzi za mti zikikatiza mguu mwembamba pigo moja huipoteza kazi nzima ya asubuhi. Kisu huja baadaye kwa masikio, macho na kucha. Kisha tupa, kisha msasa, wa kukwaruza kwanza na laini mwisho, kazi ambayo mara nyingi hufanywa na wanawake, na ambayo wanaoandika juu ya vinyago huipita haraka mno. Msasa ndio unaoamua kama shavu la sanamu litameta au litabaki na makovu ya tezo. Madoa ya chui na mabaka ya twiga huchomwa kwa chuma cha moto au hupakwa rangi. Nta au rangi ya viatu hufunga kazi. Wengi hubobea katika aina moja, huyu ndovu, yule viboko, mwingine vinyago vya uso, na huweza kuishi na mnyama huyo mmoja maisha yote ya kazi. Chini ya kinyago, palipo bapa, huandikwa namba ya mwanachama, ili kikiuzwa dukani ijulikane ni nani wa kulipwa.

Namba hiyo ni ushahidi mzuri kuliko hotuba. Chama hakingekuwa na haja ya kuandika namba chini ya kila ndovu kama kweli ndovu wote wangekuwa wamoja na wachongaji wote wangekuwa sawa. Mnunuzi anayerudi hutaka mkono alioupenda.

Geuzo kubwa zaidi katika historia ya Changamwe lilisukumwa na sheria. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara za wanyama pori. Kabla ya hapo mgeni aliyetaka kumbukumbu ya mnyama aliweza kununua sehemu ya mnyama mwenyewe: pembe, ngozi, bangili ya manyoya ya mkia wa ndovu. Baada ya hapo akabaki na mnyama wa mti. Miaka ileile utalii wa pwani ulikuwa unapanda. Uwanja wa ndege wa Mombasa ulipanuliwa ili ndege za kukodi kutoka Ulaya zitue moja kwa moja, na daraja jipya la Nyali la mwaka 1980 likafungua njia pana ya hoteli za Bamburi na Shanzu. Hivyo pande zote tatu za bara la Mombasa zikaingia katika kazi moja. Kinyago kilichongwa Changamwe. Kikauzwa ufukweni upande wa Kisauni. Au kikavuka kivuko cha Likoni kwenye begi la mchuuzi kwenda Diani. Njiani kilikutana na maombi. Mgeni alitaka ndovu mwenye mkonga juu kwa kuwa kwao huo ni mkonga wa bahati, akachongewa. Alitaka twiga mrefu, lakini awe mwembamba ili aingie kwenye sanduku, akachongewa. Shingo ya twiga ikawa mpini wa kijiko cha saladi. Kichwa cha kifaru kikawa kishikio cha vitabu. Maria, Yosefu na mtoto Yesu wakachongwa kwa ajili ya Krismasi ya Ulaya wakiwa na sura za Kiafrika, na mamajusi wakavikwa shuka. Mchuuzi wa ufukweni alichukua jina la mgeni leo na kumletea kesho yake kishikio cha funguo kilichoandikwa jina hilo. Kila moja ya hizo ni sanamu inayojulikana iliyogeuzwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Hapa huja pingamizi zito zaidi. Watasema: huko ni kumtii mnunuzi, mchongaji ametoa utamaduni wake na kuuvisha nguo za mgeni. Mwanasosholojia Bennetta Jules-Rosette wa Marekani alilijibu kwa sehemu katika kitabu alichokitoa mwaka 1984 kuhusu sanaa ya watalii Afrika, aliposisitiza kwamba sanaa hiyo ni mawasiliano kati ya anayechonga na anayenunua, na kwamba anayechonga si bubu katika mazungumzo hayo. Nakubaliana naye, lakini jibu lenye uzito zaidi liko karibu nasi, katika nchi ya Wamijikenda inayoanzia pale Kisauni inapoishia. Wagiriama, miongoni mwao, humsimamishia mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee, kigango, ubao mrefu uliochongwa nakshi za pembetatu na kichwa cha duara au cha mtu, ambao ni makao ya roho yake. Kigango hakiuzwi, hakihamishwi, na kinapaswa kuoza mahali pake. Ndicho hasa kile ambacho wapenzi wa sanaa ya asili walikuwa wakikitafuta: hakikuchongewa mtalii, hakina oda, hakina nakala. Kwa sababu hiyo hiyo kiliibwa. Tangu miaka ya 1970 vigango vingi vilichomolewa mahali viliposimamishwa, vikapitia mikononi mwa wafanyabiashara na kuishia katika nyumba za matajiri na makumbusho ya Marekani. Watafiti Monica Udvardy na Linda Giles walivifuatilia, na kwa juhudi zao viwili vilivyotambuliwa kwa picha iliyopigwa mwaka 1985 vilirudishwa, kimoja kutoka Makumbusho ya Jimbo la Illinois na kingine kutoka Chuo Kikuu cha Hampton. Makumbusho ya Denver nayo yalikubali kurudisha vigango 30. Hayo ndiyo matunda ya kumfundisha mnunuzi kwamba kitu cha Kiafrika kina thamani pale tu kisipotengenezwa kwa ajili yake. Sanamu ya Changamwe haikuacha mahali patupu wala ukoo ukilia. Imechongwa ili iuzwe, imeuzwa kwa hiari ya aliyeichonga, na siri za wenyewe zimebaki kwa wenyewe. Kwangu mimi huo ni uadilifu ambao haujapewa jina lake.

Kuhusu kunakili, sitaki kulainisha mambo. Vipo vinyago vya Changamwe vilivyochongwa kwa pupa, macho yamepanda upande, msasa umepita mara moja, kwa kuwa oda ilikuwa kubwa na bei ilikuwa ya kutupa. Upo pia udanganyifu wa mti mwepesi uliosuguliwa rangi nyeusi ya viatu ukauzwa kwa jina la mpingo. Anayefanya hivyo anamwibia mnunuzi na anawaharibia jina wenzake, na sina utetezi kwake. Ila lawama ya kwamba mchongaji amerudia umbo lile lile mara elfu inanionyesha jambo jingine. Kurudia ndiko kunakotengeneza mkono. Aliyechonga vifaru kwa miaka 30 anajua uzito wa bega la kifaru kuliko aliyesomea sanaa na kuchonga mmoja, na ni yeye anayeweza, oda ya ajabu inapofika, kumlaza kifaru, kumgeuza shingo au kumchonga na ndama ubavuni bila kuharibu mti. Mageuzi yanatoka ndani ya marudio. Kijana anayejifunza chini ya banda huanza kwa kunakili sampuli, na siku anapoambiwa atoe kitu tofauti huwa tayari ana cha kutofautisha.

Lawama ya misitu ndiyo inayouma, kwa kuwa ni ya haki. Mpingo hukua polepole mno na ulipungua hadi kuwa wa kutafutwa mbali. Muhugu, uliopendwa kwa nyuzi zake zilizoshikana, ulikatwa kwa wingi, na msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi ulipoteza magogo mengi yaliyoishia kuwa vinyago. Hasara haikuwa ya miti pekee. Bundi mdogo wa Sokoke hutaga katika mashimo ya miti hiyo mikongwe. Biashara iliyokuwa ikilisha maelfu ya nyumba ilikuwa inakula akiba yake. Wachongaji walijibu, ingawa walijibu baada ya kusukumwa. Katika miaka ya 1990 mradi wa WWF, UNESCO na bustani ya Kew ya Uingereza ulihimiza miti inayopandwa na kukua upesi: mwarobaini, mwembe, jakaranda. Mwarobaini hasa ulifaa pwani, maana umejaa mashambani na kando ya nyumba, na mkulima wa kawaida anaweza kuuza mti mmoja uliozeeka. Katikati ya miaka ya 2000 vinyago vya mwarobaini kutoka pwani vilipata cheti cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi kwamba mti haukuibwa msituni. Kwa mchongaji hilo halikuwa badiliko dogo. Mbao laini na mbichi hupasuka zikikauka haraka, na mwembe hutobolewa na wadudu usipotibiwa. Rangi yake nyepesi haiwezi kujifanya mpingo mbele ya macho mazuri. Ikabidi sanamu zenyewe zibadilike: wanyama wakawa wakubwa na wanene zaidi, wengi wakapakwa rangi waziwazi, na uzuri ukahamia kwenye mkao badala ya weusi wa mti. Wanaosema ufundi huu hauna uwezo wa kufikiri waeleze ni nini kingine kilichofanyika hapo.

Kuna wanaouliza kama kuna haja ya haya yote wakati soko lenyewe linakufa. Ni kweli limepigwa mara nyingi. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, mauaji yakafuata, na hoteli zikabaki tupu. Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ililipuliwa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikaja. Mwaka 2014 Uingereza iliwashauri raia wake waondoke Mombasa na watalii wakarudishwa kwa ndege. Na mwaka 2020 korona ikafunga anga. Kila mara banda la Changamwe lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhisi, kwa sababu mchongaji hana mshahara. Vijana wengi wamechagua bodaboda na kazi za bandari, nami siwalaumu. Lakini biashara iliyopigwa hivyo na bado ina watu wenye tezo mkononi haiwezi kusemwa kuwa ni ajali ya utalii. Imeshika kwa kuwa inajua kubadilika, na leo vinyago vinaagizwa pia na Wakenya wenyewe, wanaotaka ngao ya zawadi kwa anayestaafu au fimbo ya mzee iliyochongwa kichwa cha simba.

Kinachokosekana ni kumbukumbu. Tunajua jina la Mutisya Munge, na baada yake historia inakuwa ya namba zilizoandikwa chini ya vinyago. Nani alikuwa wa kwanza kumtia twiga kwenye kijiko? Nani alichonga Yosefu wa kwanza mwenye shuka? Mambo hayo yana majibu, na baadhi ya wanaoyajua wangali wanafika kazini. Kwa hiyo ninawaomba watatu. Chama cha Changamwe kifungue daftari zake za wanachama kwa mtafiti atakayeaminiwa, ili namba zirudishiwe majina, kwa idhini ya wenyewe au familia zao. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo yana Fort Jesus umbali mfupi tu ng'ambo ya Makupa, yakusanye sampuli za kila kipindi, za mpingo, za muhugu na za mwarobaini, yazipange kwa miaka na kwa mchongaji. Na wewe msomaji mwenye ndovu wa mti juu ya kabati, mgeuze utazame chini. Ukikuta namba, iandike pamoja na mwaka uliomnunua na mahali, umpelekee mtu wa chama au wa makumbusho. Waliojiunga na chama katika miaka ya 1960 ni wazee sana sasa, na kazi hii ikisubiri miaka 10 mingine hatutakuwa na wa kumuuliza.